Tanbihi ya Jedwali Ni ya Nani? Historia Fupi ya Alama, Visanduku na Ngeli

Utangulizi

Maneno mawili yanayobeba makala haya, jedwali na tanbihi, yametufikia kutoka Kiarabu, na asili yake inafaa kukumbukwa na mwalimu wa lugha. Katika Kiarabu jadwal ni kijito au mfereji mdogo wa maji. Kutoka hapo neno likapata maana ya safu ya maandishi iliyotengwa kwa mistari, na hatimaye maana ya jedwali zima. Tanbihi nalo linatokana na kitendo cha kumzindua mtu, kumwamsha, kumtahadharisha. Anayeandika tanbihi anamgusa msomaji bega na kumwambia: ngoja, hapa pana jambo.

Katika majedwali tunayoyatumia sisi wa idara za lugha, yaani ya ngeli, ya viambishi, ya nyakati za vitenzi na ya sauti, tahadhari hiyo ina kazi kubwa. Jedwali husema kwa ufupi mno. Seli moja yaweza kuwa na silabi moja tu, tuseme KA-, na silabi hiyo ikahitaji sentensi tatu ili ieleweke. Sentensi hizo haziwezi kuingia ndani ya seli, kwa hiyo huteremshwa chini. Lakini chini ya nini? Chini ya ukurasa, pamoja na tanbihi nyingine za sura nzima, au chini ya jedwali lenyewe?

Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, wapiga chapa walilijibu kwa mikono yao kwa vizazi vingi, na kompyuta ilipochukua kazi yao katika miaka ya 1970 na 1980 ilibidi lijibiwe upya, safari hii kwa maneno yaliyo wazi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lilivyojibiwa ndani ya mfumo wa TeX na mwanawe LaTeX, mifumo inayotumika kuandalia tasnifu, vitabu na majarida katika vyuo vikuu vingi duniani. Kisha tutaonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za Maziwa Makuu.

Kabla ya mashine

Alama za kumtahadharisha msomaji ni za kale kuliko uchapaji. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, huko Alexandria nchini Misri, mtaalamu Aristarchus alitia alama pembeni mwa mistari ya tenzi za Homer. Mstari uliotiliwa shaka aliuwekea kistari kilichoitwa obelos, na alikuwa na alama ya kinyota pia. Katika karne ya 3 baada ya Kristo, Origen, mzaliwa wa Alexandria, aliandaa kazi iliyojulikana kwa jina la Hexapla, ambayo ililinganisha matini za Agano la Kale katika safu sita zilizosimama bega kwa bega. Katika kazi hiyo ya ulinganishi naye alitumia kinyota na obelos: kimoja kuonyesha yaliyoongezwa, kingine kuonyesha yaliyozidi. Basi safu na alama zimeishi pamoja tangu zamani. Panapokuwa na ulinganishi pana tofauti, na tofauti hudai maelezo.

Tukija katika zama za uchapaji, jedwali lilikuwa kazi ngumu kuliko zote katika kiwanda cha chapa. Mpanga herufi alipaswa kupima upana wa kila safu, kuziba nafasi tupu kwa vipande vya risasi, na kusawazisha tarakimu zisimame wima moja juu ya nyingine. Hata baada ya mashine ya Monotype kuanza kutumika, ambayo ilisubu herufi mojamoja kwa kufuata utepe wa karatasi uliotobolewa, majedwali na hisabati vilihesabiwa kuwa kazi nzito na vilitozwa bei ya juu kuliko maandishi ya kawaida.

Tanbihi ya jedwali ilikaa wapi? Fundi aliyezoea kazi aliiweka moja kwa moja chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, ndani ya upana wa jedwali. Miongozo ya uandishi imeutia mkazo utaratibu huo. Chicago Manual of Style, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906, unaagiza kwamba tanbihi za jedwali zisichanganywe na tanbihi za matini: ziwe na mfululizo wake wa alama, na zikae chini ya jedwali. Sababu yake ni ya kiutendaji. Jedwali huhama. Likikosa nafasi ukurasa wa 40 litasogezwa ukurasa wa 41. Litanakiliwa katika kitabu kingine, litabandikwa ukutani, litaandikwa ubaoni. Tanbihi isiyofungwa kwenye jedwali itabaki nyuma siku ya safari.

Fundi hakuhitaji kuieleza sheria hiyo, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwake na machoni pake. Aliliona jedwali zima, akalichukua pamoja na maelezo yake kama mzigo mmoja.

Knuth na visanduku

Mwaka 1968 Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta nchini Marekani, alichapisha juzuu la kwanza la The Art of Computer Programming. Lilipangwa kwa herufi za risasi, naye alipendezwa na sura yake. Mwaka 1977 toleo la pili la juzuu la pili lilikuwa likiandaliwa kwa njia mpya ya kupanga herufi kwa picha. Knuth alipoletewa nakala za kusahihishia aliona kurasa zimepoteza uzuri wa zamani. Hapo akaamua kutunga programu yake mwenyewe ya kupanga chapa. Aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu programu akakiacha kando ili atunge programu ya kukichapa kitabu hicho.

Programu hiyo ni TeX. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sanaa na ufundi, na herufi ya mwisho inatamkwa karibu na kh ya neno kheri, hivyo Mswahili hapati taabu nayo. Toleo la awali lilikuwa tayari mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1982 Knuth aliliandika upya, na kitabu chake cha mwongozo, The TeXbook, kilitoka mwaka 1984. Mfumo ulitolewa bure, na kila aliyegundua kosa katika programu au katika vitabu vya Knuth aliweza kulipwa kwa hundi ndogo yenye saini yake.

Mwandishi wa TeX hapangi ukurasa kwa macho. Huandika matini ya kawaida na kuichanganya na amri, kisha programu huisoma na kutoa kurasa zilizopangwa. Katika LaTeX, ambayo tutaizungumzia hivi punde, mstari wa jedwali huandikwa hivi: mtoto & watoto \\. Alama ya & hutenganisha safu, na mikwaju miwili iliyolalia nyuma humaliza mstari. Mtu akisema \footnote na kuandika maelezo yake, programu huweka namba ndogo juu ya neno na kupeleka maelezo chini ya ukurasa.

Ndani ya TeX kila kitu ni kisanduku. Herufi ni kisanduku chenye upana, kimo na kina. Visanduku vya herufi hupangwa kuwa kisanduku cha mstari, na kati yake hutiwa kile ambacho Knuth alikiita gundi, yaani nafasi inayoweza kutanuka au kubana. Mistari hupangwa kuwa ukurasa. Hii ni fikra safi, na hesabu zake ndizo zilizoipa TeX sifa ya kuvunja aya katika mistari kwa ustadi mkubwa.

Lakini fikra hiyo ilikuja na tatizo. Sehemu ya programu inayojenga ukurasa ina kazi ya kuzikusanya tanbihi: inapopokea mistari mipya hutazama kama imefuatana na tanbihi, na ikiikuta huitengea nafasi chini. Tanbihi iliyo ndani ya mstari wa aya ya kawaida huweza kutoka na kupanda hadi kwenye orodha ya ukurasa. Iliyozama ndani zaidi, kisanduku ndani ya kisanduku, haiwezi kutoka. Na jedwali ni visanduku ndani ya visanduku: seli ndani ya mstari, mstari ndani ya jedwali. Mjenzi wa ukurasa analiona jedwali zima kama furushi moja lililofungwa, hajui kilichomo ndani.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Mwandishi anaandika tanbihi ndani ya seli, programu inafanya kazi yake bila kulalamika, na ukurasa unatoka na ile namba ndogo ikiwa mahali pake juu ya neno. Maelezo hayapo. Hayapo chini ya ukurasa wala chini ya jedwali. Alama inamwita msomaji, na msomaji akiitika hakuti mtu.

Lamport na njia za kupitia

Mapema katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga LaTeX juu ya TeX. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mwandishi aeleze kitu ni nini, badala ya kueleza kikae vipi. Mwandishi aseme "hii ni sura", "hii ni orodha", "hili ni jedwali", na programu iamue ukubwa wa herufi na nafasi. Wazo hilo lilikuwa limekwishaonyeshwa na mfumo wa Scribe, ambao Brian Reid aliutolea tasnifu mwaka 1980. Kitabu cha Lamport kilitoka mwaka 1986, na mwaka 1994 kikundi cha wataalamu, miongoni mwao Frank Mittelbach, Chris Rowley na Rainer Schöpf, kilitoa toleo jipya liitwalo LaTeX2e, ambalo ndilo msingi wa LaTeX inayotumika hadi leo.

Ikiwa tunaeleza kitu ni nini, basi tanbihi ya jedwali ni nini? LaTeX ya Lamport ilitoa majibu mawili, na majibu hayo hayapatani.

Jibu la kwanza ni kuigawa tanbihi vipande viwili. Ndani ya seli mwandishi anaweka alama peke yake kwa amri ya \footnotemark. Akishatoka nje ya jedwali anaweka maelezo kwa amri ya \footnotetext. Kwa njia hii maelezo yanaonekana na mjenzi wa ukurasa, naye anayapeleka chini ya ukurasa pamoja na tanbihi nyingine. Jibu hili linadai kwamba tanbihi ni mali ya ukurasa. Shida yake hujitokeza jedwali linapohama. LaTeX imeruhusiwa kulielea jedwali, yaani kulipeleka juu ya ukurasa unaofuata endapo halienei hapa. Jedwali likienda ukurasa wa 41 na maelezo yakabaki ukurasa wa 40, msomaji ataona namba bila maelezo katika ukurasa mmoja na maelezo bila namba katika mwingine. Aidha, tanbihi zikiwa nyingi mwandishi analazimika kuzihesabu mwenyewe na kurekebisha namba kwa mkono, kazi ambayo ndiyo hasa alitaka mashine imfanyie.

Jibu la pili ni kulitia jedwali ndani ya minipage, yaani ukurasa mdogo ulio ndani ya ukurasa. Ukurasa huo mdogo una chini yake. Tanbihi iliyoandikwa ndani ya jedwali hilo haiendi mbali. Inakaa papo hapo, chini ya ukurasa mdogo, na alama yake ni herufi ya mlazo, a, b, c, badala ya namba. Jibu hili linadai kwamba tanbihi ni mali ya jedwali. Jedwali likielea, maelezo yanaelea nalo.

Matumizi ya herufi badala ya namba yalifuata busara ya mafundi wa zamani. Namba ndogo iliyonyanyuliwa juu ya tarakimu inaweza kusomwa vibaya. Katika jedwali la hisabati, 12 yenye 2 ndogo juu yake ni 144. Katika jedwali letu la ngeli, ambamo ngeli zenyewe zina namba, 11 yenye 4 ndogo juu yake inaweza kunakiliwa na mwanafunzi aliye nyuma ya darasa kuwa 114. Herufi ndogo a haimchanganyi mtu.

Vifurushi vya waliofuata

LaTeX iliacha mlango wazi ili watumiaji waongeze amri zao katika vifurushi. Kwa suala letu tutataja viwili, kwa kuwa kila kimoja kinashikilia upande wake wa hoja.

Cha kwanza ni threeparttable cha Donald Arseneau. Jina lake lenyewe ni maelezo: jedwali lina sehemu tatu, yaani kichwa cha habari, mwili, na tanbihi. Upana wa mwili ndio unaopima upana wa kichwa na wa tanbihi, hivyo maelezo hayatawanyiki hadi pambizoni mwa ukurasa wakati jedwali ni jembamba. Ndani ya seli mwandishi anaweka alama kwa \tnote, kisha anaorodhesha maelezo chini ya mwili. Anachagua alama mwenyewe, na anaweza kurudia alama moja katika seli tatu zinazohitaji maelezo yaleyale. Hapa mashine imefundishwa kile ambacho fundi wa risasi alikijua, kwamba tanbihi ni kiungo cha jedwali kama mguu ulivyo kiungo cha mwili.

Cha pili ni longtable cha David Carlisle, kilichotengenezwa kwa ajili ya majedwali marefu yanayovuka kurasa. Jedwali la namna hii halifungwi kuwa furushi moja. Hukatwa vipande, ukurasa kwa ukurasa, na vichwa vya safu hurudiwa juu ya kila kipande. Kwa kuwa halikufungwa, mjenzi wa ukurasa anaziona tanbihi zake, na amri ya kawaida ya \footnote ndani ya mwili wake inafanya kazi. Maelezo yanakwenda chini ya ukurasa.

Je, longtable imekosea? Tunaona haijakosea. Chukua orodha ya istilahi yenye kurasa kumi na mbili. Tanbihi ya istilahi iliyo ukurasa wa kwanza ikisubiri mwisho wa jedwali, msomaji atafunua kurasa kumi na moja ili aifikie, na wengi hawatafunua. Chini ya ukurasa uleule ndipo karibu zaidi. Kanuni inayoyaunganisha majibu yote mawili ni hii: maelezo yakae mahali ambapo hayawezi kutengana na seli yanayoieleza, popote seli hiyo itakapopelekwa. Kwa jedwali fupi mahali hapo ni chini ya jedwali. Kwa jedwali refu ni chini ya kipande chake.

Jedwali la ngeli na watu walio katika tanbihi

Sasa tuje nyumbani. Jedwali ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nalo ni la ngeli, na nalo lina historia. W. H. I. Bleek, katika kitabu chake cha sarufi linganishi kilichoanza kutoka mwaka 1862, alizipa namba ngeli za lugha za Kibantu kwa kutenga umoja na wingi. Carl Meinhof aliuendeleza mpango huo katika kazi zake za mwaka 1899 na 1906. Ndiyo sababu wanaisimu wanasema ngeli ya 1 na 2 wakizungumzia mtu na watu, na ngeli ya 7 na 8 wakizungumzia kitu na vitu. E. O. Ashton, katika Swahili Grammar ya mwaka 1944, aliziita kwa viambishi, na shule nyingi za Kenya huzitaja kwa upatanisho wa sentensi: A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika.

Namba za Bleek na Meinhof zina faida ya kuzilinganisha lugha zetu. Mwanafunzi akiweka Kiswahili sanifu, Kinyarwanda na Luganda katika safu tatu, ataona undugu papo hapo. Lakini ataona pia mapengo. Safu ya Kiswahili sanifu inatoka ngeli ya 11 na kuruka. Ngeli ya 12 na 13 hazimo, na ngeli ya 14 imeungana na ya 11 katika kiambishi U-. Seli mbili zimebaki tupu.

Seli tupu inasema nini? Bila tanbihi inasema: hakuna. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili cha Lubumbashi husema katoto na tutoto, na katika mazungumzo ya Nairobi KA- na TU- za udogo husikika kila siku. Mnyarwanda na Mrundi wana akana na utwana katika lugha zao. Mganda ana akatabo, ingawa wingi wake ni obutabo, wa ngeli ya 14, na TU- yake imebaki kwa vitu kama otuzzi, maji kidogo. Kiswahili sanifu kimeipa kazi hiyo ngeli ya 7 na 8: kitoto, vitoto.

Tanbihi mbili fupi zinatosha kuyasema haya. Ya kwanza, kwenye seli tupu: ngeli hizi hazimo katika Kiswahili sanifu, ila zinatumika katika lahaja za Kongo na katika mazungumzo ya mijini, udogo katika Kiswahili sanifu huonyeshwa kwa KI- na VI-. Ya pili, kwenye safu ya Luganda: wingi wa KA- ni BU-.

Sasa fikiria jedwali hilo limechapwa na tanbihi zake zikapelekwa chini ya ukurasa, namba 17 na 18 katika mfululizo wa sura. Mwalimu analipenda jedwali, analikata kwa mkasi, anatoa nakala za darasa zima. Tanbihi 17 na 18 zinabaki kwenye karatasi iliyotupwa. Mwanafunzi aliyelelewa Lubumbashi anaandika katoto katika insha. Mwalimu msaidizi anatazama jedwali, anakuta seli tupu, anatia mkasi mwekundu. Mwanafunzi anaambiwa kwamba neno alilolinyonya kwa mama yake si Kiswahili.

Lau tanbihi ingekuwa imefungwa chini ya jedwali, mwalimu huyohuyo angeweza kumwambia jambo tofauti kabisa: neno lako lipo, lina ngeli yake yenye namba, na ni ndugu wa akana ya Mnyarwanda; katika mtihani huu wa Kiswahili sanifu andika kitoto. Mwanafunzi atapoteza alama ileile, lakini hataondoka akiamini kwamba hana lugha. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni sentensi moja yenye herufi ndogo, na mahali ilipowekwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi zetu. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni moja kati ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, majedwali mengi tunayofundishia yamejengwa juu ya matumizi ya pwani na ya Kiswahili sanifu, na matumizi ya watu wetu yameandikwa, ikiwa yameandikwa, katika tanbihi. Anayezipoteza tanbihi anawapoteza watu hao.

Mfano mwingine ni jedwali la idadi. Moja, wili, tatu, nne, tano na nane hupatanishwa na ngeli: watoto watatu, vitabu vitatu. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Wanafunzi huambiwa kwamba hazibadiliki kwa kuwa ni za Kiarabu. Ni kweli kwa sita, saba na tisa. Kumi ni ya Kibantu, na inahitaji tanbihi yake. Bila hiyo jedwali sahihi linafundisha sababu isiyo sahihi.

Ushauri kwa waandishi wa tasnifu

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wanafunzi wanaoandaa kazi zao.

Kwanza, tanbihi za jedwali fupi zikae chini ya jedwali, na zitumie herufi. Kwa wanaotumia LaTeX, threeparttable inatosha kwa mahitaji mengi ya isimu. Wasitumie \footnote tupu ndani ya seli kisha wakaamini kwamba yote yako sawa kwa kuwa programu haikulalamika. Waitazame karatasi.

Pili, alama zifuatane kwa mpangilio wa kusoma: kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Maelezo yanayohusu jedwali zima yatangulie, bila alama. Yanayohusu seli moja yafuate.

Tatu, jedwali linalovuka kurasa litumie longtable, na maelezo yabaki katika ukurasa wa seli husika. Tanbihi zisitiwe katika vichwa vya safu vinavyorudiwa, kwani hapo amri ya kawaida haifanyi kazi.

Nne, anayetumia programu nyingine ya kuandikia anaweza kufikia lengo lilelile kwa kuongeza mstari wa mwisho katika jedwali, kuziunganisha seli zake zote kuwa moja, na kuandika maelezo humo. Jedwali likinakiliwa, maelezo yatanakiliwa nalo.

Tano, jambo likiwa zito mno lisiachwe katika tanbihi peke yake. Lisemwe katika matini, kabla ya jedwali. Tanbihi iliyofungwa vizuri bado yaweza kurukwa na msomaji mwenye haraka.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali la mahali pa tanbihi lilianza kama ujuzi wa mikono, likapotea kwa muda mashine ilipokuja, kisha likarudishwa hatua kwa hatua na watu waliolazimika kulieleza kwa amri. Knuth alitupa visanduku, na ndani yake tanbihi ikapotea. Lamport alitupa majibu mawili. Arseneau na Carlisle wakatuonyesha kila jibu linafaa wapi.

Idara inawaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa uzamili, watakapowasilisha rasimu zao muhula huu, walete kila jedwali likiwa limechapwa pia katika karatasi yake peke yake. Msimamizi atalisoma hivyo, bila sura inayolizunguka. Likieleweka, limekamilika. Likimwacha na swali ambalo jibu lake limebaki katika ukurasa mwingine, litarudishwa kwa mwenyewe.